Uzito wa Mnara

Ndihokubwayo hali chakula akiwa ameketi. Mama yake, Niyubahwe, humwekea kigoda karibu na mafiga, akampakulia ugali wa muhogo na maharage, naye huinua sahani, akaenda nayo mlangoni na kutafuna amesimama, macho nje, mguu ukigonga kizingiti.

"Nani anakufukuza, mwanangu?" mama huuliza.

Tangu aondoke kijijini kwao Kasanda akiwa kijana, hajawahi kumaliza misimu miwili ya mvua mahali pamoja. Aliziba pancha za baiskeli Kasulu mjini, akachoka. Akachomelea mageti Kibondo, akachoka. Akapanda basi hadi Dar es Salaam, na huko, katika yadi ya vyuma chakavu, akakutana na kitu cha kwanza ambacho hakikumchosha: mkasi.

Si mkasi wa fundi cherehani. Huu ni taya la chuma refu kuliko mtu, linalofungwa kwenye mkono wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, mahali ambapo ndoo ingekaa. Taya hilo huuma boriti ya ghala na kuikata kama mtu anavyouma muwa. Ndani yake kuna visu, vipande vya chuma kigumu vyenye umbo la tofali, vimekazwa kwa bolti. Kila kisu kina kingo nne za kukatia. Ukingo mmoja ukichoka, unafungua bolti, unakigeuza kisu, unapata ukingo mwingine. Ukichoka wa nne, kisu kimekwisha, unafunga kipya.

Katika yadi ile kulikuwa na desturi kwamba kisu kilichokwisha ni cha opareta. Wenzake waliviuza siku hiyohiyo. Ndiho, kama wengi wanavyomwita, aliviweka. Alikuwa na sanduku la mbao alilolisafirisha popote mashine ilipokwenda, na ndani yake visu vilivyokwisha vililala vimefungwa kwa magunia. Siku moja angefungua karakana yake Kasulu, atengeneze mashine ya kukatia nondo kwa visu hivyo, kwa sababu chuma kigumu namna ile hakiuzwi dukani. Siku hiyo, alijiambia, ataketi.

Mwaka huu mkasi ulimrudisha nyumbani. Nurudini, mfanyabiashara wa vyuma chakavu wa Kibondo, mtu wa sauti ya upole ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa amenunua vyuma vya kambi ya zamani ya wakimbizi upande wa Kasanda. Wakimbizi walishaondoka. Yalibaki maghala, fremu za madarasa, nguzo za taa, na mnara wa tangi la maji. Nurudini akakodi kijiko chenye mkasi. Kijiko kikaja na opareta wake, na opareta alikuwa mtoto wa palepale.

Sasa, habari ya mnara. Kisima kirefu kilichimbwa kwa ajili ya wakimbizi, na pampu ya sola ikapandisha maji hadi kwenye tangi. Wakimbizi walipoondoka, kijiji kiliendelea kuchota. Siku ya makabidhiano pampu ilipewa kijiji, paneli zikapewa kijiji, tangi likapewa kijiji. Ile miguu minne ya chuma inayolibeba tangi hakuna aliyeitaja, na kisichotajwa kikauzwa pamoja na vyuma vingine. Ndivyo mnyonge anavyopewa vitu: anapewa kofia, kichwa kinauzwa.

Kabla ya tangi, watu wa hapa walichota bondeni, pamoja na ng'ombe. Ndiho alibeba maji hayo utotoni. Alimbeba pia mdogo wake, Esperance, siku alipokuwa ameharisha mpaka akawa mwepesi kama kikapu, na hawakufika zahanati. Hakuna mtu nyumbani kwao anayeisimulia habari hiyo. Lakini Niyubahwe, kila akifungulia bomba chini ya mnara, hukinga kwanza kiganja, akatazama maji, ndipo akaweka ndoo.

Wanawake walimfuata Nurudini siku ya kwanza kabisa, ndoo vichwani.

"Baba, huo mnara ukiukata, tangi tutalibeba wapi? Kichwani?" aliuliza Niyubahwe. Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyetua ndoo.

"Mama zangu," Nurudini akasema, "mimi sikununua mnara. Nimenunua uzito. Kiwanda kinasubiri tani zangu, na mnara umo ndani ya hizo tani. Nikiwaachia huu, kesho mtaniomba ghala."

"Ghala hatunywi."

Nurudini alitabasamu, akaenda zake. Mwenyekiti wa kijiji alisafiri mara mbili kwenda wilayani kulalamika, na mara zote mbili aliambiwa avute subira. Subira haina bomba. Huwezi kuikinga kwa ndoo.

Ndiho alianza kazi na boriti nene za maghala. Alimwambia Nurudini kwamba chuma kinene hukatwa visu vikiwa na nguvu, chepesi hungoja mwisho. Ilikuwa kweli, lakini ndani ya ile kweli alikuwa ameficha jambo lake: alitaka kingo za visu ziishie mbali na mnara, ili mwenyekiti apate muda. Kila alipokigeuza kisu alikuwa akiulinda mnara na kuusogelea kwa mkono uleule. Baada ya kazi hakupumzika. Alikwenda kuuzunguka, akiigonga miguu yake kwa spana, kisha akarudi kwenye mashine, akakaza bolti ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

Mwishowe kingo zote zikachoka. Akavifungua visu, akavipanga juu ya ubao, akamwonyesha Nurudini jinsi kona zilivyoviringika kama za sabuni iliyotumika. Vipya viliagizwa Dar, vije na basi, naye akatumwa Kibondo kuvipokea. Alizurura stendi mchana kutwa, akanunua hindi la kuchoma akalisahau mkononi. Mzigo haukuwemo. Wakala akamwambia arudi siku nyingine. Ndiho alifurahi, na njiani kurudi aliionea haya furaha yake.

Hakujua kilichokuwa kikiendelea Kasanda.

Jirani yao, Bazilio, ni mhunzi. Alikuwa rafiki wa marehemu Leonidasi, baba yake Ndiho, na tangu mashine ilipofika alikuwa akiomba kisu kimoja kilichokwisha akifanye fuawe. Anapondea majembe juu ya jiwe, na jiwe humrudishia kila pigo begani. "Kimoja tu, mwana wa Leonidasi," alikuwa akisema. "Nikipate, ndipo nitakubali kufa." Ndiho alikuwa amemwahidi, kazi ikiisha.

Na katika ukoo wa Bazilio, mhunzi aliyeahidiwa kitu hashukuru kwa mdomo. Huenda kwa aliyemwahidi, akachukua chombo chake cha kazi, akakinoa. Jembe, shoka, kisu cha jikoni, chochote. Hiyo ndiyo asante.

Ndiho alipofika, visu vilikuwa vinameremeta juu ya ubao. Bazilio alikuwa ameazima grinda ya kambini na kuvinoa vyote, kila ukingo umechongoka kama panga la kuchinjia. Alisimama kando amefunga mikono, vumbi la chuma kwenye nyusi.

"Jaribu kwa kidole," akasema, "lakini chagua kidole usichokipenda."

Ndiho aliinama, akapitisha ukucha. Mkasi ule haukati kwa ukali. Hukata kwa kona ya mraba, kisu cha juu kikipita ubavuni mwa cha chini kwa mwanya mwembamba kama bati la kopo. Bazilio alikuwa ameila kona na kuupanua mwanya.

"Baba Bazilio, hivi huwa havinolewi."

"Kisu kisichonolewa ni kisu gani? Huko Dar walikuharibu."

Nurudini alikuwa amesimama nyuma yao. "Basi visu tunavyo," akasema. "Kesho asubuhi mnara."

"Bosi, havitakata. Ukingo mwembamba hivi utamomonyoka, na mkasi utakwama."

"Vilipokuwa butu havikati. Sasa ni vikali, havikati. Vikate lini?"

"Ninakwambia kazi yangu, bosi."

Nurudini akamgeukia. "Ndiho, mama yako anachota wapi maji?"

Ndiho akautazama mnara.

"Basi nisamehe nisipokuamini," Nurudini akasema, bila ukali.

Hilo ndilo lililomkosesha Ndiho raha kuliko yote. Alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo ilifanana na hila kama pacha na pacha, kwa sababu siku zote zilizopita alikuwa amefanya hila. Alifikiria kugoma. Lakini Moses, dereva wa lori, aliwahi kukichezea kijiko, naye angepandishwa. Na mtu asiyeujua mkasi angeuangusha mnara juu ya nyumba za watu. Akaamua kupanda mwenyewe. Aliomba jambo moja tu, tangi litolewe maji yote kwanza.

Asubuhi kijiji kizima kilikuja kuchota. Zilijazwa ndoo, madumu, masufuria ya harusi, hata karai la kuchanganyia saruji. Hakuna aliyeimba. Tangi lilipokauka, bomba likakohoa, na Niyubahwe akalifunga vizuri kama mtu anayefunga mlango wa nyumba atakayoirudia. Kisha akasimama mbele, mahali ambapo mwanawe hangeweza kukwepa kumwona.

Ndiho akalifunga taya juu ya mguu wa kwanza.

Mlio ulikuwa mbaya. Si ule mkwaruzo mzito wa chuma kinachokatika, bali mvunjiko mkavu, kama jino linalokutana na jiwe kwenye maharage. Vipande vya visu viliruka, kimoja kikagonga wavu unaolinda kioo cha mashine. Mguu wa mnara haukukatika. Ulibonyea, ukapinda, ukajipenyeza kati ya visu na kulisukuma taya upande. Ndiho akajaribu kufungua, taya halikufunguka. Akavuta kidogo, mnara mzima ukaguna. Akazima injini.

Mkasi ulikuwa umeuma mnara usiweze kuumeza wala kuutema, na mnara, kwa upande huo, ulikuwa umesimama juu ya mkasi.

Bazilio alikuja pole pole, akatazama makali yake yalivyosagika. Akavua kofia. "Nimeshukuru vibaya," akasema.

"Mimi ndiye niliyechelewa kukwambia," Ndiho akajibu.

Nurudini naye akafika, akagusa kisu kilichovunjika. "Ulisema," akasema.

"Nilisema."

Ndiho hakuona fahari yoyote. Alianza kuuzunguka mnara, mara upande huu, mara upande ule, mpaka Moses, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, akalalamika.

"Kaka, tulia basi. Unatutia kizunguzungu."

Ndiho akasimama ghafla mbele ya Nurudini. "Bosi, ulisema hukununua mnara. Ulinunua uzito."

"Nilisema."

"Kijiji kikikupa chuma chenye uzito wa mnara, mnara una kazi gani kwako?"

Nurudini alicheka, kisha akaacha kucheka. "Chuma kipi? Hapa naona mihogo."

"Wewe toa mizani. Mashine yako siwezi kuichomoa mpaka niufunge huu mguu, la sivyo mnara unalala juu yake, na hiyo mashine ni ya watu. Nikishaufunga, umepona. Unaukata tena wa nini?"

Nurudini ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara husikia hoja hata inapotoka kwa mtu anayemshuku. Alitembea hadi kwenye mizani, akarudi. "Mpaka visu vipya vifike Kibondo," akasema. "Vikifika na uzito haujatimia, nakata. Na hapo usiniambie habari ya kona."

Ndiho na Bazilio walikata vibao vya chuma kutoka kwenye mabaki ya ghala, wakavitoboa, wakaubana mguu uliopinda pande zote mbili. Bazilio alikaza bolti kwa hasira, kama anayelipiza. Mkasi ukaachia. Mnara ukaguna tena, ukabaki umesimama, ukichechemea kidogo.

Ndipo vyuma vikaanza kuja. Fremu za baiskeli. Vitanda vilivyolegea. Rimu. Mashine ya kukobolea kahawa iliyokufa zamani. Kiunzi cha pikapu kilichoozea nyuma ya kanisa, kikavutwa kwa kamba na waumini waliokuwa wakigombana kuhusu nani anavuta na nani anajifanya anavuta. Mwanamke mmoja alileta sufuria, Moses akaligonga kwa kidole.

"Hili ni bati jepesi, mama, si chuma. Rudisha ukapikie."

"Limetoboka."

"Basi pikia vitu vikubwa."

Moses aliandika uzito kwa chaki ubavuni mwa lori. Nurudini alikuwa ameupima mnara kwa futi, akakokotoa, akachora mstari. Chaki ilipanda kuelekea mstari, lakini ilipanda kwa kuvuta miguu.

Kisha wanawake wakaleta majembe. Siyo ya kulimia. Huku Buha, mwanamke wa umri wa Niyubahwe aliolewa kwa jembe, isuka, lililoletwa na ukweni pamoja na ng'ombe au badala ya ng'ombe. Alilima nalo mpaka likabaki dogo kama kiganja, na halitupwi. Huchomekwa darini, likala moshi. Yalishushwa sasa, meusi, mepesi, yakawekwa kwenye mizani moja baada ya jingine. Na lisemwe wazi, kwa sababu wengi wangependa kulipamba jambo hili: wanawake hawa walikuwa wakinunua kwa mara ya pili maji waliyokwisha kupewa, na waliyanunua kwa mahari yao. Aliyesahau kuandika miguu ya mnara hakutoa hata msumari.

Niyubahwe aliweka lake mwenyewe. Ndiho akataka kumzuia.

"Mama, hilo alilileta babu."

"Lilikuwa linakula moshi tu," mama akasema. "Baba yako angeuliza kwa nini halijaenda kazini."

Mchana wa siku ile simu ya Nurudini ikalia. Alisikiliza, akaitia mfukoni. "Mzigo umefika Kibondo," akasema, na hakumtazama mtu yeyote.

Chaki ilikuwa bado chini ya mstari. Darini hakukuwa na kitu tena. Watu walitazamana, wakautazama mnara, wakaitazama ile njia ya bondeni, ambayo ilikuwa imeanza kuota majani.

Ndiho alikwenda kwenye kijiko. Alikaa huko muda mfupi tu, lakini kwake ulikuwa mrefu. Mkono ulishika kifuniko cha sanduku, ukaachia, ukashika tena. Aliiona karakana, mlango wake wa bluu, kiti ambacho angekikalia. Kisha akalivuta sanduku mpaka kwenye mizani na kuanza kufungua magunia.

"Kaka," Moses akasema kwa sauti ya chini, "si karakana yako hiyo?"

"Ni vyuma."

Kimoja baada ya kingine, kila kimoja kizito kama mbuzi mchanga. Chaki ikaruka juu. Kisu cha mwisho Ndiho alikiweka kando, chini, nyuma ya mguu wake.

Nurudini akainama kwenye mizani. "Bado kidogo."

Bazilio ndiye aliyejongea, akakiokota kile kisu kilichokuwa kando, akakikumbatia kifuani kama mtu anayepima mtoto wa jirani.

"Hicho ni chako," Ndiho akasema. "Nilikuahidi."

"Nami nilikushukuru, ukaona asante yangu ilivyo." Bazilio akakilaza juu ya mizani. "Nitaendelea na jiwe. Jiwe nimelizoea, na lenyewe limenizoea."

Sindano ikayumba, ikatulia. Nurudini akaufuta ule mstari wa chaki kwa kiganja chake.

"Nimepata uzito wangu," akasema. "Mnara sina habari nao."

Wanawake hawakushangilia. Niyubahwe alikwenda kwenye bomba, akalifungua, akakinga kiganja. Pampu ilikuwa imewashwa. Hewa ikakohoa kwanza, matone yakafuata.

Ndiho hakungoja tangi lijae. Palikuwa na kazi Makere, banda la zamani la chuma, na mashine ilipakiwa siku iliyofuata, visu vipya vya mraba tayari kwenye taya. Sanduku lake sasa lina spana na matambara. Njiani Moses alimtania kwamba yeye ndiye fundi pekee mkoani ambaye karakana yake imesimama angani na tangi kichwani.

"Na inachechemea," Ndiho akasema.

Huko Makere alimkera tajiri wa kazi tangu asubuhi ya kwanza. Kabla ya kuwasha injini alilizunguka banda, akamsimamisha kila aliyepita na kumwuliza nani analitumia, kwa lipi, na nani aliandika nini siku lilipouzwa. Tajiri alimwuliza kama amekuja kukata au kutoa hotuba. Ndiho akamjibu kwamba atakata, akishajua anakata nini.

Mama alipiga simu jioni. Maji yanatoka, akasema, na Bazilio amemnolea jembe lake la kulimia bila kuombwa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umeketi?"

Ndiho akatazama huku na huku. Palikuwa na tofali karibu, na kivuli kizuri. Akamwambia mama ndiyo, akaitia simu mfukoni, akachukua spana na kwenda kukaza upya bolti za kisu cha chini.